Mtoto akitaka kupuliza: Funzo la makondere ya Karagwe na zumari za Uskochi

Bua la jani la mpapai ndiyo shule ya kwanza ya muziki kwa watoto wengi wa Kibingo, wilayani Kyerwa, kama ilivyo kwa wenzao wa vijiji vingi vya Kagera. Mtoto hukata bua, huacha ncha moja ikiwa imeziba, hupasua ulimi mwembamba karibu na ncha hiyo, kisha hulitia mdomoni na kupuliza. Sauti inayotoka ni kali na haina wimbo. Mzazi aliyetoka kuanika kahawa huwa na neno moja tu: "Kapulizie huko nje!"

Hata hivyo, ulimi ule mdogo unafanya kazi kwa kanuni ileile ya ala maarufu duniani, zumari ya mfuko ya milima ya Uskochi. Ndani ya mabomba yake ya kuvuma mna kipande cha tete kilichopasuliwa ulimi, ambao hutetema hewa inapopita. Mtoto mwenye bua la mpapai tayari ameonja somo la kwanza la upulizaji bila kujua.

Safari ya mtoto huyo mara nyingi huendelea. Akifika darasa la nne au la tano anaona bendi ya shule, kikundi cha skauti au matarumbeta ya kanisani, naye anarudi nyumbani na ombi. Hapo mzazi hujiuliza mambo matatu: aanze lini, anunuliwe nini, na je, kupuliza hakutamdhuru mapafu?

Sehemu kubwa ya majibu ilijulikana tangu karne ya 19, wakati Malkia Victoria akiwa kwenye kiti cha enzi cha Uingereza na Rumanyika Orugundu akitawala Karagwe. Watu wa pande hizo mbili hawakuwa na shule za muziki kama za leo, lakini walijua namna ya kumfanya mtu awe mpulizaji.

Mskochi katika ikulu ya Rumanyika

Novemba 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika Bweranyange, makao ya Mukama Rumanyika. Walikuwa wakitafuta chanzo cha Mto Nile. Speke aliondoka Januari 1862 kuelekea Buganda. Grant hakuweza kumfuata, kwa sababu mguu wake ulivimba, ukatoa vidonda na kumlaza hadi Aprili. Madaktari waliosoma maelezo yake miaka mingi baadaye wanaona dalili zinafanana na za kidonda cha Buruli, maradhi ya ngozi yanayosababishwa na bakteria.

Grant alikuwa Mskochi, mzaliwa wa Nairn mwaka 1827, kaskazini mwa nchi hiyo. Miezi aliyokaa Karagwe akiuguza mguu ilimpa nafasi ya kutazama na kusikiliza, na kitabu alichochapisha mwaka 1864 kina maelezo ya bendi ya Mukama.

Ilikuwa bendi ya watu 16. Kati yao 14 walipuliza pembe na wawili walipiga ngoma za mkono. Walitembea kwa safu tatu, wapiga ngoma wakiwa nyuma, huku kiongozi akitangulia kwa mwendo wa kuchezesha magoti. Pembe zenyewe zilitengenezwa kwa vipande vya kibuyu vilivyochomekwa kimoja ndani ya kingine na kufunikwa kwa ngozi ya ng'ombe. Katika falme za ukanda huu wa Maziwa Makuu, pembe za namna hiyo huitwa makondere.

Grant alisikiliza kwa makini na kuandika kwamba kwa mazoezi, pembe hizo ziliweza kutoa sauti zinazopatana vizuri, kama za tarumbeta za kijeshi alizozizoea. Alizieleza kama kazi ya watu waliofunzwa. Katika nchi yake mwenyewe, miaka hiyohiyo, kupuliza pia kulikuwa kazi ya watu waliofunzwa kwa muda mrefu.

Wimbo kwanza, chombo baadaye

Zumari ya mfuko si ala rahisi. Mpulizaji hujaza hewa katika mfuko wa ngozi alioubana kwapani, na wakati anavuta pumzi, mkono wake huukamua mfuko ili sauti isikatike. Vidole vinacheza kwenye bomba la wimbo lenye sauti tisa. Mabomba matatu yanayoegemea begani huvuma sauti ileile mwanzo hadi mwisho. Hivyo mdomo, mkono, vidole na masikio vyote vina kazi kwa wakati mmoja.

Waskochi walikuwa na msemo kwamba inachukua miaka saba kumpata mpulizaji. Ndiyo maana hawakumkabidhi mwanafunzi mfuko siku ya kwanza.

Hatua ya kwanza ilikuwa mdomo mtupu. Mwalimu aliimba wimbo kwa silabi zisizo na maana ya kawaida, na mwanafunzi akaziimba mpaka zikakaa kichwani. Irabu zilibeba sauti kuu za wimbo, na konsonanti zikaonyesha vile vipambo vya haraka ambavyo vidole huviweka katikati. Ni jambo ambalo mzazi wa Kitanzania atalielewa mara moja, kwa kuwa mtoto anayetaka kukumbuka mdundo wa ngoma naye huanza kuuiga kwa mdomo: ndi-ndi-ti, ndi-ndi-ti.

Hatua ya pili ilikuwa zumari ndogo ya mazoezi, isiyo na mfuko wala mabomba ya kuvuma. Sauti yake ni ya chini na haihitaji pumzi nyingi. Hapo mwanafunzi alijenga vidole kwa miezi mingi. Mfuko ulikuja mwisho, vidole vikiwa tayari vinajua njia.

Mfano mzuri ni Angus MacKay, aliyezaliwa mwaka 1813 katika kisiwa cha Raasay. Baba yake, John, alikuwa mpulizaji na mwalimu, na ndugu zake pia walishika zumari. Angus alijifunza nyumbani, kwa sikio na kwa silabi za kuimba. Mwaka 1838 alichapisha kitabu cha nyimbo za kale za zumari kwa nota za kuandikwa, na mwaka 1843 akawa mpulizaji wa kwanza rasmi wa Malkia Victoria. Aliyeandika kitabu hicho kilichotumiwa na vizazi vilivyofuata alikuwa mtu aliyefundishwa bila kitabu.

Sauti moja mkononi

Makondere yana ugumu wa aina nyingine. Pembe hupulizwa kwa tundu la ubavuni, na kila moja hutoa sauti moja kuu. Grant aliona pia tundu la kidole gumba upande wa mwisho, lililompa mpulizaji sauti nyingine kidogo. Kwa pembe moja peke yake hakuna wimbo.

Wimbo hupatikana pale wapulizaji wanapopokezana. Huyu anatoa sauti yake, mwenzake anajibu, wa tatu anaingia katikati, na msikilizaji anasikia mstari mmoja usiokatika.

Maana yake kwa mwanafunzi ni kubwa. Anayeshika kondere lenye sauti moja lazima aujue wimbo mzima, la sivyo hatajua zamu yake inaingia wapi. Akichelewa kidogo, wimbo wa wenzake wote unatoboka. Kwa hiyo anajifunza kusikiliza zaidi kuliko kupuliza, tena hawezi kujifunza akiwa peke yake chumbani. Ni lazima asimame karibu na anayejua.

Kwa mzazi, hili ni jambo la kutafakari. Mtoto mwenye haya, ambaye hawezi kusimama peke yake mbele ya watu, anaweza kustawi katika kundi ambalo kazi yake ni sauti moja tu lakini isiyoweza kukosekana. Mtoto mwenye papara naye hufundishwa kungoja zamu bila kuchapwa wala kufokewa.

Machifu walipoondoka

Kuna jambo jingine linaloziunganisha Karagwe na Uskochi. Katika nchi zote mbili, mpulizaji aliishi kwa kivuli cha mtawala. Chifu wa Kiskochi alikuwa na mpulizaji wake, wakati mwingine akimpa ardhi ya kuishi. Mukama wa Karagwe alikuwa na bendi yake. Kila mahali, kijana alijifunza kwa sababu kulikuwa na mtu wa kumpulizia na nyumba ya kumpokea.

Baada ya uasi wa Waskochi kushindwa mwaka 1746, sheria za Uingereza ziliwanyang'anya machifu mamlaka yao ya kale. Wengi hawakuwa tena na sababu ya kuweka wapulizaji, na familia zilizofundisha kwa vizazi zikaanza kuiacha kazi. Zumari ingeweza kufia hapo.

Kilichoiokoa ni makao mapya. Mwaka 1781 yalianzishwa mashindano ya wapulizaji katika mji wa Falkirk. Jeshi nalo likawachukua, na mwaka 1854 serikali ilikubali rasmi vikosi vya milimani viwe na kiongozi wa wapulizaji na wapulizaji watano. Malkia Victoria alipopenda maisha ya Uskochi na kuweka mpulizaji nyumbani kwake, matajiri walimuiga. Kijana wa karne ya 19 aliyejifunza zumari aliona mbele yake ajira, zawadi na heshima.

Kutoka kambi za jeshi la Uingereza, zumari hiyo ilisambaa duniani. Hata Oman, ambako familia nyingi za Waswahili zina ndugu, bendi za kifalme zina vikosi vya zumari za mfuko. Huko Ghuba haikuwa ngeni kabisa, kwa sababu watu wa pwani hizo wana zumari yao ya ngozi ya mbuzi.

Tanganyika ilifuta mamlaka ya machifu kisheria mwaka 1963. Uganda nayo ilifuta falme mwaka 1967, kisha mwaka 1993 ikazirejesha kama taasisi za kimila, na makondere yakapata tena shughuli za kifalme za kuyaita. Upande wa Karagwe hakuna kiti kilichorudi. Wanaobaki kuwa makao ya kondere, la nanga na la ngoma za asili ni familia, shule, vikundi vya sanaa na nyumba za ibada.

Hapo ndipo ombi la mtoto linapokuwa na uzito kuliko kelele zake. Ufundi wa kupuliza hauwezi kuwekwa kabatini kama pembe yenyewe. Pembe iliyo makumbusho inaweza kukaa miaka 100, lakini namna ya kuipuliza hukaa kwa mtu, na mtu huyo asipopata mwanafunzi, huondoka nayo.

Je, mapafu ya mtoto yako salama?

Kwa mtoto mwenye afya nzuri, kupuliza kwa kiasi hakudhuru mapafu. Kizunguzungu cha siku za mwanzo husababishwa na kupumua haraka na kwa nguvu kupita kiasi. Mtoto aketi, apumue kawaida, na kitaondoka. Kikirudi kila mara, au kikiambatana na maumivu ya kifua, asimamishe mazoezi na aonwe na daktari.

Mwenye pumu hapaswi kukatazwa moja kwa moja. Wapo wengi wanaopuliza vizuri ugonjwa wao ukiwa umedhibitiwa. Mzazi azungumze kwanza na daktari anayemtibu, na dawa ya kuvuta iwe karibu wakati wa mazoezi.

Hatari inayosahaulika iko ndani ya chombo chenyewe. Mwaka 2016 madaktari wa Manchester, Uingereza, waliandika katika jarida la kitabibu la Thorax kuhusu mwanaume wa miaka 61 aliyepuliza zumari ya mfuko kila siku. Kwa miaka kadhaa alikohoa na kuishiwa pumzi. Alipokwenda Australia kwa miezi mitatu na kuiacha zumari nyumbani, alipata nafuu. Aliporudi na kuanza tena kupuliza, hali ikarudi kuwa mbaya, na mwaka 2014 alifariki. Vipimo vilikuta aina kadhaa za kuvu ndani ya zumari yake, na madaktari wakaona huenda ndizo zilizochochea mapafu yake kuvimba.

Visa vya namna hiyo ni vichache, wala si sababu ya kumnyima mtoto tarumbeta. Somo lake ni la kila nyumba: mate na mvuke wa pumzi hubaki ndani ya chombo, na mahali penye unyevu, giza na joto ni shamba la kuvu. Kagera ina mvua nyingi, na chombo kikifungiwa kwenye begi kikiwa kibichi hakikauki chenyewe.

Wapulizaji wa kale walipaka ndani ya mfuko wa ngozi vitu kama asali ili usivujishe hewa, na walijua mfuko usiotunzwa huharibika. Leo tunajua kwamba anayeweza kuharibika ni mpulizaji pia.

Mambo ya kuzingatia nyumbani

Umri: Meno ya mbele ya utotoni huanza kung'oka mtoto akiwa na miaka sita au saba. Kwa tarumbeta, ambayo huegemea midomo na meno, ni vizuri kungoja meno ya kudumu ya mbele yaote na kukaza, kwa kawaida kuanzia miaka minane au tisa. Kabla ya hapo, filimbi ndogo, kuimba na kupiga ngoma vinatosha.

Chombo: Usikimbilie kununua cha bei kubwa. Fuata mpango wa Waskochi: wimbo mdomoni, kisha chombo kidogo, kisha kikubwa. Mtoto anayeweza kuimba wimbo mzima bila kupotea ndiye aliye tayari kuupuliza. Akishindwa kuuimba, tarumbeta mpya haitamsaidia.

Muda: Dakika 10 hadi 15 kila siku zinamfaa anayeanza kuliko saa mbili za Jumamosi. Midomo na misuli ya mashavu huchoka haraka, na mtoto anayepuliza akiwa amechoka huzoea makosa.

Usafi: Kila mtoto awe na kipulizio chake. Chombo cha shule kikitumiwa na wengi, kipulizio kioshwe kwa sabuni na maji safi kabla ya kupokezana. Baada ya mazoezi, mate yamwagwe, chombo kifutwe na kiachwe wazi kikauke kabla ya kufungwa. Bua la mpapai lina utomvu unaoweza kuwasha midomo, kwa hiyo lioshwe kwanza na lisirudiwe kesho yake.

Kikohozi: Mtoto mwenye mafua au kikohozi apumzike asipulize. Kikohozi kikifika wiki mbili, au kikija na homa za jioni, kutoka jasho usiku au kupungua uzito, mpeleke kituo cha afya akapimwe kifua kikuu. Matibabu yake hutolewa bure.

Masikio: Zumari ya mfuko hupita desibeli 100 karibu na sikio la mpulizaji, na tarumbeta katika chumba kidogo nayo ni kali. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asisikilize sauti ya zaidi ya desibeli 75 kwa muda wa saa 40 kwa wiki, na sauti ikipanda zaidi, muda huo hupungua haraka. Mazoezi yafanyike nje au kwenye ukumbi mpana. Mtoto akisema masikio yanavuma baada ya mazoezi, hiyo ni dalili kwamba sauti ilizidi.

Mwalimu: Tafuta mtu, si video pekee. Simu inaweza kumwonyesha mtoto vidole vinavyokwenda, lakini haiwezi kumsikia akikosea. Katika Karagwe na Kyerwa bado ni jambo la maana kuuliza wazee wa ukoo: nani alipuliza, nani alipiga nanga, nani anakumbuka nyimbo. Mzee ambaye meno yake hayamruhusu tena kupuliza bado anaweza kuimba wimbo kwa mdomo, na kama tulivyoona, hapo ndipo masomo huanzia. Kwa idhini yake, mrekodi kwa simu.

Miezi ya kelele

Miezi ya kwanza ya kujifunza kupuliza haina raha kwa anayesikiliza. Sauti hukatika, hupanda bila kutarajiwa, na wimbo mmoja hurudiwa mpaka jirani naye anaujua. Wazazi wengi humkatisha mtoto wakati huo, si kwa ubaya, bali kwa kuchoka.

Mzazi anaweza kuweka utaratibu badala ya marufuku: saa maalumu, mahali maalumu, mbali kidogo na mgonjwa au mtoto mchanga anayelala. Siku moja kwa wiki, familia iketi dakika tano imsikilize. Asisifiwe kwa uongo wala asichekwe. Aulizwe tu, "Wiki hii umejua nini ambacho wiki iliyopita hukukijua?"

Swali hilo humzoesha mtoto kupima hatua zake mwenyewe, na humfundisha kwamba ufundi huja kidogo kidogo. Waskochi waliuhesabia miaka saba. Mzazi hana haja ya kuahidi miaka yote hiyo; aanze na muhula mmoja, chombo kikauke kila jioni, na mtoto aimbe kabla ya kupuliza.